Jiwe la Koko Mlangoni mwa Parti

Juma lililopita nilimsindikiza koko, mama mzazi wa mama yangu, kwenda kuomba maji kwenye biro ya parti, ofisi ya chama cha siasa, pale Mabanga. Wana tangi kubwa nyuma ya ukuta, na bomba la mtaa wetu halitoi hata tone. Sentineli, mlinzi wao, akatuzuia mlangoni. "Karte ya parti iko wapi, mama?" Rafiki yangu, nikikumbuka, damu inanichemka.

Karte, eti kadi ya uanachama! Parti hiyo ilizaliwa uani kwa koko, nikiwa mtoto. Enzi zile kila asubuhi tuliteremka ziwani na mabidoni, madumu ya maji, tukarudi shingo zimekufa ganzi, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zikitupita na magurudumu yanayolia, zikiwapelekea maji wenye pesa. Mama za mtaa walichoka. Jumapili baada ya misa wakawa wanakusanyika kwa koko, na mwalimu wetu akaja kuwasaidia kusema mbele ya wakubwa. Koko alipika maharage na ndizi, akakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, harufu ikatuvuta sisi watoto kutoka michezoni. Wa Butembo, wa Masisi, wa Rutshuru, wote walikula sahani moja. Walitaka maji tu, ukubwa hawakuutaka.

Wakaamua kujenga nyumba ya mikutano, hiyo hiyo biro ya leo. Mawe ya volkano kwetu hayaishi, basi kila nyumba ilileta yake, kichwani. Fundi akakosa jiwe pana la kizingiti. Koko akatoa jiwe lake la kufulia, jeusi, lililolainika kwa sabuni ya miaka mingi, ambalo alitusugulia miguu juu yake tukipiga kelele.

"Mubebe," alisema. "Siku maji itafika, mutanirudishia, nifulie hapa kwangu."

Basi ule umoja wa mama ukageuka parti, ikapata bendera, ikapata jeep, ikapata mheshimiwa wa tai shingoni anayepita vioo vimefungwa. Mwalimu alipouliza habari ya bomba, walimfukuza. Tangi wakajiwekea wenyewe. Watu wasio na haya hata kidogo!

Siku ile mlangoni, koko hakubishana na sentineli. Aliweka bidoni chini. "Mutoto, toa miguu. Unasimama juu ya jiwe yangu."

Kijana akacheka. Koko akaketi pale pale mlangoni, akakataa kuondoka. Habari zikafika mtaani. Mama wakaja, wengine na unga wa fufu bado mikononi, na yule fundi, mvi kichwa kizima, akaja na mtalimbo. Sentineli alipowaona wamejaa njia nzima, akajiweka kando. Jiwe likang'oka.

Tulilirudisha kwa chukudu. Njiani mama walicheka kama zamani, kisha kila mmoja akaingia kwake na kufunga mlango, maana siku hizi, tangu parti ituchonganishe, watu wanaogopana. Zile sahani za Jumapili zimekufa, na hilo sitawasamehe wale watu.

Jiwe liko uani, mahali pake. Koko ameweka kipande cha sabuni juu yake. Bidoni iko pembeni, tupu.