Mahali Pasipokaliwa Sokoni

Harufu ya viazi vyenye udongo mbichi hunirudisha kwenye soko la mjini Meru, siku ya kwanza mama aliponipeleka huko. Tulitoka Kibirichia alfajiri, gunia likiwa mgongoni mwake na mkanda wake umemkaza paji la uso.

Wanawake walikuwa wamebanana goti kwa goti, ila kando ya ua palikuwa na kipande cha ardhi kilichofagiwa, kitupu. Nikaenda kukaa.

"Toka hapo, mtoto wewe!" alifoka Mama Karimi, muuza maharagwe. "Hapo hapakaliwi."

Sikumwamini. Nilidhani wanamwekea mtu wao nafasi. Kisha nikakumbuka jinsi mhubiri wetu alivyotuonya kuhusu mahali pa mashetani, nikawatazama kwa jicho baya zaidi.

Wao pia hawakutuamini. Mnunuzi mmoja aliyenunua gunia la mama alirudi nalo akipiga kelele kwamba viazi vya chini vimeoza.

"Viazi vya Kibirichia hivyo," Mama Karimi akacheka. "Juu bibi harusi, chini maiti!"

Mama aliapa kwa jina la Mungu kwamba hakujua. Kiapo chake hakikumgusa mtu.

"Kasemee pale," wakamwambia, wakionyesha ile ardhi tupu. "Ukikataa, usirudi soko hili."

Nasi hatukuwa na soko jingine. Mama alivua ule mkanda wa gunia kichwani, akasimama pale, na ulimi ukamkwama. Yeye huyo aliyetoka kumtaja Mungu bila kupepesa jicho!

"Nilivipanga hivyo mimi mwenyewe," akasema.

Nilingoja tufukuzwe. Badala yake Mama Karimi alisogeza maharagwe yake. "Keti hapa, mama. Mwaga gunia lote tuchambue."

Nilipomuuliza Mama Karimi ni pepo gani anayekaa pale, alinicheka. Hapakuwa na kaburi wala jiwe, alisema. Mama zao walikubaliana tu kwamba pale hapasemwi uongo. Kwa miaka mingi niliamini amenificha jambo.

Hakuwa amenificha. Kila mwanamke aliyesimama pale akapata hasara kwa kusema kweli ndiye aliyepafanya pawe patakatifu. Tangu siku ile nimeingia makanisa mengi ya mjini, na nimewasikia watu wakidanganya humo wamefumba macho. Ndiyo maana nikionyeshwa jengo na kuambiwa ni takatifu, huuliza kwanza ni nani aliyewahi kusema humo jambo lililomgharimu.