Jani la Kinyamavu

Kinyamavu hakipo duniani. Nilikitunga mwenyewe, barazani kwangu Chamazi, kwa ajili ya mjukuu wangu aliyekuwa akila kwa mkono wa kushoto. Kumkemea hakukusaidia, basi nikamsimulia nchi ya majini, ambako huota jani la buluu liitwalo kinyamavu. Ukilichuma kwa mkono wa kulia, linaponya. Ukilichuma kwa kushoto, linaua.

Mke wangu alicheka. "Mzee, utamtia mtoto wazimu."

Lakini mtoto akaanza kula kwa mkono wa kulia, nami nikamshukuru Mungu.

Mwaka huu mke wangu aliugua figo. Mjukuu, ambaye sasa ana miaka minane, ndiye aliyekuwa akimpelekea vidonge akitoka shule. Mke wangu akafariki siku ya Ijumaa, kabla ya magharibi. Sikulia. Moyo ulikufa ganzi. Watu walinipa mkono wa pole, nami niliona mikono tu.

Matanga yalipokwisha niligundua mtoto analishwa na mama yake. Mkono wa kushoto ameufunga ndani ya mtandio, na wa kulia haugusi kitu. Nikamwita.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu, babu."

"Mbona umeufunga?"

Akautazama mtandio. "Siku ile nilimpa bibi dawa kwa huu. Wa kulia ulikuwa na kikombe, nao haukumponya."

Nilipaswa kuumia. Nikasikia tu jokofu likiunguruma ndani. Nimefundisha madrasa miaka mingi, nikamweleza kwamba kifo kiko kwa Mwenyezi Mungu, si mkononi mwa mtoto.

"Najua, babu," akasema, kama wanavyojibu darasani. Mtandio hakuufungua.

"Kinyamavu nilikitunga mimi. Ni uongo."

"Babu, wewe husemi uongo."

 Nikamwomba vidonge vyangu vya presha, aniletee kwa mkono wa kushoto. Akatikisa kichwa. Nikangoja. Kivuli cha ukuta kilifika miguuni petu ndipo akainuka, akaufungua mtandio, akavileta kwa kushoto. Nikavipokea kwa kushoto, nikameza.

Akakaa mkekani akinitazama mpaka adhana ya alasiri.

"Babu, unaumwa wapi?"

"Sisikii maumivu popote," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Nilipotoka kwenda kutawadha alinifuata. Akalishika kopo kwa mikono yote miwili, akanimiminia maji.