Ukurasa wa Jogoo

Wazazi wote wa mtaa ule walijua kwamba haraka haraka haina baraka. Waliwaambia hivyo mafundi waliowajengea, wakwe waliodai wajukuu na vijana waliotaka kuoa. Mtoto wa darasa la kwanza ndiye pekee aliyetakiwa kufika kabla ya kuondoka.

Ndiyo maana mwalimu wa chumba cha kushoto, kati ya viwili vya darasa hilo, aliitwa Bi Polepole, na halikuwa jina la sifa. Watoto walilianzisha, wazazi wakalidaka, na siku moja likamponyoka hata mkuu wa shule katikati ya kikao, akalifunika kwa kikohozi.

Alikuwa mjane, miguu ikimvimba kila jioni, sauti yake haijawahi kupanda tangu aajiriwe. Mezani kwake palikuwa na sinia la mchanga na kopo la maziwa lililojaa vifuniko vya soda. Ndani ya kila kifuniko aliandika silabi moja kwa rangi ya kucha, masalia ya saluni ya binti yake, hivyo *ma* ilikuwa nyekundu na *ka* ilikuwa ya waridi, na hapakuwa na maana yoyote ya kitaalamu katika hilo.

Alianza na sauti. Mtoto alifumba midomo, akaweka kiganja shavuni na kuguna *mmm* mpaka shavu litetemeke. Mwenye mafua alisamehewa hadi apone. Kisha wakaichora ile sauti mchangani kwa kidole, wakaifuta, wakaichora tena. Wiki zikapita hivyo. Vifuniko vilikuja baadaye: mtoto alisukuma *pa* kwa kidole mpaka ikagusana na *ka*, na mdomo wake ulitakiwa ufanye vilevile. Hapo ndipo Bi Polepole alipofanya kazi yake ngumu kuliko zote, nayo ni kunyamaza. Alikalia mikono yake yote miwili, maana mikono ina kiherehere cha kusaidia, akatazama mbele. Mtoto akikwama hakumtajia. Aliweza kukaa hivyo mpaka mtu anayepita dirishani adhani wamekosana.

"Ukimtajia," alimwambia mwalimu mmoja aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha, "umesoma wewe. Yeye amesikia tu."

Mwalimu wa mazoezi aliandika hilo, akahama shule.

Chumba cha upande wa kulia kilikuwa cha Madamu Kwaya. Hakuwa mwovu, na hapo ndipo tabu ilipoanzia, kwa sababu mwovu angesemwa. Alikuwa mchangamfu, mavazi yamepigwa pasi, na aliwapenda watoto kwa dhati. Alisoma sentensi, watoto hamsini wakaitikia. Akasoma tena, wakaitikia tena, vidole vyao vikitembea juu ya kitabu kama watu wanaotafuta sindano gizani. Baada ya wiki chache walisoma ukurasa mzima bila kigugumizi. Ukikigeuza kitabu juu chini, waliendelea kusoma.

Kitabu chenyewe hakikuwa kimebadilika tangu wazazi wao walipokuwa na mapengo. Jalada lilibadilishwa kila lilipopitwa na wakati. Ndani mlikuwa ni mle mle. Ukurasa uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa jogoo: *Jogoo anawika. Kumekucha. Baba anavaa viatu. Mama anafungua dirisha.* Hapakuwa na fundi, muuguzi wala mpiga debe mtaani ambaye hangekumalizia ukurasa huo ukimwamsha usingizini.

Mwaka huo chumba cha kushoto kilimpokea mjukuu wa Bi Polepole, mtoto wa yule binti yake mwenye saluni, msusi. Alikuwa mtoto mwepesi wa macho, anayejua nani kanuna kabla mwenyewe hajajua. Aliitambua *ma*, akaitambua *pa*, na katikati ya muhula akasoma *paka* kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, tone moja lisimwagike. Bibi yake alirudi nyumbani siku hiyo akiwa hasikii maumivu ya miguu.

Saluni, habari zilipokewa vingine.

"Wa kwangu jana kasoma ukurasa wote," alisema mteja aliyekuwa anasukwa, kichwa kikiwa kimeinamia magotini mwa msusi. "Wote. Baba yake kachomoa simu akamrekodi."

"Wangu anasoma *paka*," alisema msusi.

"*Paka* na nini?"

"*Paka* tu."

Mteja alinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma msusi kuliko kicheko. Mteja wa pili, aliyekuwa anasubiri, akaona amsaidie.

"Shoga, si mbaya. Watoto hawafanani. Wengine akili huja na meno ya utu uzima."

Jioni hiyo msusi alipita kwa mama yake akakaa bila kuvua viatu.

"Mama, namhamishia chumba cha kulia."

"Kwa nini?"

"Wenzake wanasoma."

"Wenzake wanakariri, mwanangu. Mpe mmoja wao neno asilolijua uone."

"Na wa kwangu nimpe neno gani? Analo moja." Msusi alitazama dirishani. "Mimi ulinifundisha hivyo hivyo. Polepole, na vifuniko. Nasoma vizuri, sikatai, hata maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa nasoma. Nimeishia kushika vichwa vya watu. Acha wangu ajaribu njia nyingine."

Bi Polepole alikuwa na majibu, lakini alizoea kwamba mtu akikwama usimtajie, atafika mwenyewe. Kwa watoto wa miaka sita kanuni hiyo haikuwahi kumwangusha. Kwa watu wazima aliitumia pia, jambo linaloeleza mengi katika maisha yake. Msusi akaondoka, na Jumatatu mtoto akaingia chumba cha kulia.

Kila kitu, Bi Polepole alijiambia, kitaonekana Siku ya Kusoma.

Siku ya Kusoma ilikuwa uvumbuzi wa mkuu wa shule. Wazazi wangealikwa ukumbini, kila chumba kingesoma, na mgeni rasmi angeguswa moyo. Mgeni alikuwa mfanyabiashara wa mabati, na vyoo vya shule havikuwa na paa, kwa hiyo moyo wake ulikuwa suala la kiutawala. Bi Polepole alikwenda ofisini na ombi moja: watoto wake wasisome kitabuni. Ataandika sentensi mpya ubaoni asubuhi hiyohiyo, ambazo hakuna aliyewahi kuziona.

"Mpya?" mkuu aliuliza. "Kwani za zamani zina kasoro gani?"

"Hazina kasoro. Zinajulikana."

Mkuu alifikiri, akaona haigharimu kitu, akakubali.

Kwa hiyo siku yenyewe, ubao mkubwa ukiwa umesimamishwa jukwaani, aliandika kwa mwandiko wa duara: *Paka amelala ndani ya kofia ya babu. Babu anatafuta kofia. Paka hasemi kitu.*

Chumba cha kulia kilitangulia. Kilisoma kitabu kwa sauti moja, kikapanda palipostahili kupanda, kikashuka, na ukumbi ukapiga makofi mpaka vumbi likatoka darini. Kisha akasimama mvulana wa chumba cha kushoto mwenye shati lililoshonwa kola upya. Alitazama ubao. Hakuiga mtu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwiga.

"Pa...ka," alisema. "Paka. A...me...la...la."

Kwa aliyejua, hilo lilikuwa jambo kubwa: mtoto anatoa mawazo ya mtu mwingine ubaoni kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa ukumbi ilikuwa ni joto. Viti vikalia. Mama mmoja alishindwa kuvumilia, akamtajia kutoka nyuma, "Ndani, baba, *ndani*." Mvulana akageuka kumtazama kwa mshangao, akarudi kwenye neno, akalisoma mwenyewe upya tangu mwanzo. Alipofika kwenye kofia ya babu alicheka, maana ndipo alipojua kuna nini mle. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mgeni rasmi alikuwa ameiacha miwani yake garini. Alimwinamia mkuu, wakanong'ona, mkuu akasimama.

"Mgeni wetu anasema, kwa nini tusimpe mtoto wa chumba cha kulia naye asome hayo ya ubaoni? Tuone tofauti." Alitabasamu kuelekea Bi Polepole, akiamini anamtendea wema. "Tumpe mjukuu wa mwalimu mwenyewe."

Hicho ndicho Bi Polepole alichokitaka muhula mzima. Hakukitaka kwa mtoto huyu.

Msichana alipanda jukwaani, utepe mweupe kichwani, kazi ya mama yake. Akapewa fimbo ya kuonyeshea. Alitazama ubao muda mfupi, akatazama watu, akaona nyuso zinazotaka kufurahi. Akaweka ncha ya fimbo chini ya neno *Paka*.

"Jogoo anawika," alisema, kwa sauti safi. "Kumekucha."

Fimbo ilitembea bila wasiwasi chini ya kofia ya babu. Nyuma ya ukumbi mzee mmoja alidakia, *baba anavaa viatu*, jirani yake akaungana naye, na kufikia dirisha la mama ukumbi mzima ulikuwa unakariri, watu wazima kwa watoto, wengine wakifumba macho kwa utamu wa kumbukumbu, chini ya ubao ulioandikwa habari za paka. Msusi alikuwa anajifuta machozi.

Ni mvulana wa kola mpya peke yake aliyenyoosha mkono.

"Mwalimu, pale hakuna jogoo. Kuna paka."

"Nyamaza," mama yake alimvuta shati. "Mwenzako anasoma."

Makofi yalipotulia, mkuu akamgeukia Bi Polepole, kwa utaratibu tu, kama mtu anayeomba mhuri.

"Mwalimu, kasoma sawa?"

Mtoto alikuwa bado jukwaani na fimbo yake. Alimtazama bibi yake, na tabasamu lake likaanza kupungua upande mmoja, kwa kuwa alikuwa ameona kitu kwenye uso ule ambacho ukumbi mzima haukukiona. Bado sekunde chache angelia mbele za watu.

"Sawa," alisema Bi Polepole.

Mabati yalipatikana. Muhula uliofuata mkuu alitangaza kwamba kila mtoto anastahili matokeo kama yale, akaviunganisha vyumba viwili chini ya Madamu Kwaya. Bi Polepole alipewa maktaba, ambayo ilikuwa kabati, na ufunguo wake. Mvulana wa kola alihamia na wenzake, lakini kwa kuwa alisoma kilichoandikwa, na kwa mwendo wake, alikuwa anauharibu wimbo. Madamu alimwomba kwa upole awe anachezesha midomo tu.

Alipoulizwa na mwalimu mwenzake kwa nini alisema sawa siku ile, Bi Polepole alisema mtoto hakukosea. Alifanya alichofundishwa. Mwenzake aliona hilo ni jibu la busara. Lilikuwa jibu la mtu aliyechelewa.

Darasa la tatu lina vitabu vingine. Picha hupungua, kurasa hujaa, na hakuna anayezisoma kwanza ili uitikie. Mjukuu alianza kuumwa tumbo asubuhi. Kisha mwalimu wa darasa la tatu akamwita msusi, akamwambia mtoto ni mvivu, tena mvivu mwenye akili, na hao ndio wabaya.

Msusi alifika kwa mama yake mchana, saluni imefungwa.

"Nilimwambia anisomee bango la pale kona. Kaangalia bango, kaniangalia mimi, kasema *Karibuni wateja*. Ni la msiba, Mama."

Bi Polepole alimsogezea kiti.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na pale ukumbini ukasema sawa."

"Nilisema."

"Watoto wa wenzio ulikuwa huwaachii hata silabi moja ipite," alisema msusi. Hakupandisha sauti, alikuwa mtoto wa mama yake. "Sasa mfundishe."

Wakaanza, alasiri, kwenye meza ya jikoni. Bi Polepole alitandaza vifuniko, akakalia mikono yake. Mtoto alisukuma *ka* ikagusana na *ta*, na macho yake yakapanda yenyewe kwa bibi.

"Kaka?" alisema. Akaona kitu. "Kama?" Akaona kitu kingine. "Kata," alisema haraka, na alikuwa sahihi.

Bi Polepole aliweka vingine. Mtoto alipatia tena, na tena, karibu vyote, na ilimchukua bibi muda kugundua kwamba mtoto haangalii mezani. Alikuwa anapapasa, neno hili, neno lile, mpaka nyusi za bibi yake zishuke mahali pake. Mwalimu aliyefunga mdomo maisha yake yote hakuwahi kufikiria kwamba uso nao hutaja. Alijaribu kuukaza, mtoto akausoma ulivyokazwa. Alitazama chini, mtoto akasoma mabega.

Mwishowe alisimama, akageuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta, mgongo kwa meza.

"Endelea," alisema.

Nyuma yake kifuniko kiliburuzwa, kikagusana na kingine. Kisha hapakusikika kitu. Alisubiri. Sufuria lilianza kuchemka, likazidi kuchemka, hakuna aliyeinuka kulipunguzia moto.

"Bibi," mtoto alisema, "geuka basi. Nitasomaje kama sikuoni?"