Siku Shule Iliposhuka Ziwani

Mwaka wa uhuru nilikuwa mwanafunzi wa shule ya ualimu ya misheni, iliyokuwa juu ya kilima upande wa Kizuka. Baba na mama walikuwa wamevuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini, upande wa Kongo, kabla sijazaliwa, baba akapata kazi ya kukamua mawese, na mimi nikakua nikinuka mawese hata siku ya Jumapili. Shuleni wasichana tulikuwa wachache. Tulilala katika nyumba ndefu yenye madirisha yanayotazama maji, na asubuhi ukungu ukipanda kutoka ziwani uliingia mpaka kitandani, ukalowesha shuka, na tukaamka tukidhani bado tunaota. Miaka ile yote naiona hivyo hadi leo, kama vitu vinavyotazamwa kupitia ukungu. Sauti zinanifikia kwanza, nyuso baadaye.

Miezi michache baada ya bendera mpya kupandishwa, Direkta wetu, mkuu wa shule, alitangaza sikukuu. Alikuwa mzee kutoka Ulaya, mwembamba, mwenye kukohoa. Alisema nchi imepata uhuru, na shule nayo inapaswa kuwashukuru watu wake: walimu waliochoka kwa ajili yake, na waliosoma pale zamani wakaenda kutumikia watu. Kila mmoja angevishwa kitambaa cheupe shingoni chenye msalaba mwekundu. Sisi wasichana tulipewa kazi ya kuvishona, na kwa wiki nzima vidole vyetu vilikuwa na matundu ya sindano.

Wengi wa walioalikwa walikuwa wanaume. Kulikuwa na wachungaji, walimu wa shule za msituni, na karani mmoja wa komini, ofisi ya serikali ya pale, ambaye alikuja amevaa koti zito kwenye joto lile. Mwanamke alikuwa mmoja tu. Yeye alikuwa msichana wa kwanza kusoma pale kabla ya kwenda kujifunza ukunga, na sasa alikuwa akifanya kazi katika dispanseri ya Rumonge. Wanawake wa pwani nzima, kutoka Kabezi hadi kwetu, walimwita Mama Mukunga, ingawa hakuwa na umri wa kuitwa mama na watu wazima.

Na upande wa walimu, aliyengojewa zaidi alikuwa Mwalimu wetu wa nyimbo. Alikuwa mtu wa milimani, mfupi, mwenye masikio makubwa. Alifundisha pia hesabu na Biblia, lakini ukimtaja kwa mtu yeyote aliyepita pale, atakumbuka nyimbo. Alikuwa akitembea katikati ya viti tukiimba, anasimama nyuma ya mmoja wetu, anainamisha kichwa na kusema polepole, «Weye unaimba vizuri, lakini unaimba peke yako. Sikiliza jirani.» Mke wake, mwanamke mkimya, aliishi naye katika nyumba ya matofali nyuma ya kanisa.

Siku ya sikukuu wageni walifika mapema, wakakaa. Tukaimba, Direkta akahutubia, vitambaa vikaanza kuvishwa. Ilipofika zamu ya Mwalimu, aliinuka akatazama chini kama mtoto aliyekamatwa jikoni. Direkta alimvisha, akamwomba aseme neno. Mwalimu alifikiri sana. Akasema, «Murakoze, asanteni. Mimi nilidhani mumeniita nipange kwaya.» Watu wakacheka mpaka ukumbi ukatikisika, na mke wake akafunika uso kwa kitenge.

Kiti cha Mama Mukunga kilikuwa bado kitupu. Mtu akaja akikimbia kutoka chini, akasema ameonekana: amekuja kwa mtumbwi kutoka Gitaza, alikoitwa kumchukua mgonjwa, lakini hawezi kupanda kilima. Ndani ya mtumbwi ana mwanamke aliyejifungua njiani, juu ya maji, na amekataa kumwacha.

Direkta alibaki ameshika kitambaa cha mwisho mkononi. Mwalimu ndiye aliyesimama. «Basi tushuke sisi,» alisema.

Tukashuka. Shule yote, wageni, wachungaji, karani na koti lake, tulishuka njia ya michikichi kwa mstari mrefu, na kwa kuwa hatukuweza kutembea kimya na Mwalimu, tuliimba. Jua lilikuwa linapenya kwenye majani na kuanguka vipande vipande juu ya mashati meupe. Nakumbuka nilihisi kwamba hatukanyagi chini. Ufukoni tulimkuta Mama Mukunga amesimama ndani ya maji hadi magotini, mikono imelowa damu, gauni limepandishwa na kufungwa kiunoni. Ndani ya mtumbwi, kati ya nyavu na vikapu vya ndagala, dagaa wa ziwa letu, mzazi alikuwa amelala amefunikwa, na mtoto analia kwa hasira.

«Amahoro, Mama,» Direkta alimsalimu.

«Amahoro. Ngojeni kwanza, huyu mama iko na baridi. Nani ana nguo?»

Karani alivua koti. Wakamfunika mzazi na mtoto wake, wavuvi wakawabeba kwa machela ya makasia hadi barabarani, na hapo tu Mama Mukunga akainamisha kichwa. Direkta hakuweza kumfikia bila kulowa, kwa hiyo akaingia majini na viatu vyake. Akamvisha kitambaa. Mama Mukunga akakitazama, akanawa mikono ziwani, akaugusa msalaba kwa kidole kimoja. Nilimwona analia bila sauti. Msalaba ule niliushona mimi, na ulikuwa umepinda kidogo.

Nilimaliza masomo, nikapata diplome, nikabaki pale pale kufundisha watoto wa Kizuka, na jioni nilisaidia kwaya. Miaka ile ilipita kama usingizi wa mchana. Direkta aliugua akarudi kwao. Mwalimu akaachiwa shule, lakini hakutaka kuitwa Direkta. Watu waliendelea kumwita Mwalimu. Mvua zilikuja na kuondoka, mawese yakapanda bei na kushuka, na watoto niliowafundisha a-e-i-o-u wakaanza kuota ndevu.

Halafu ukafika mwaka wa sabini na mbili.

Mwezi wa nne vita vililipuka kwenye pwani yetu. Watu wenye mapanga walipita Rumonge wakiua majirani, na maiti zilibaki njiani. Kisha jeshi likaja kulipiza, na likaua zaidi. Baada ya siku chache tulielewa kwamba sasa askari wanatafuta waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, hata wanafunzi wenye kaptura. Malori yalisimama mbele ya shule, watu wakapandishwa, na lori halikurudi na mtu hata mmoja.

Wanafunzi waliokuwa bado bwenini hawakuweza kwenda kwao. Njia zilikuwa zimefungwa. Mwalimu aliwakusanya kanisani. Alfajiri moja alikuja mlangoni kwangu, amevaa shati lake la Jumapili.

«Mwanangu,» aliniambia, «leo tunashuka. Weye utatangulia, mimi nitakuwa nyuma. Na hakuna kuimba.»

Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Tulishuka njia ile ile ya michikichi tukishikana mikono ili tusipoteane. Sikuona miguu yangu. Mbele kulikuwa na weupe, nyuma weupe, na katikati yake kiganja cha mtoto kikitoka jasho ndani ya changu. Mke wa Mwalimu alitembea kando yangu na sufuria kichwani, kama anayekwenda kuteka maji.

Ufukoni alikuwa akitungoja mzee mmoja Mwislamu wa Rumonge, mwenye mitumbwi mikubwa ya kuvulia ndagala. Yeye na Mwalimu walijuana kwa salamu za sokoni tu. Mwalimu alianza kumshukuru, mzee akamkata.

«Mwalimu, miye si mutu wa kanisa yako. Lakini watoto iko watoto. Pandisheni.»

Tukapanda. Mwalimu aliwainua wadogo mmoja mmoja. Alipomaliza akatazama nyuso zote, midomo ikitembea kwa kuhesabu, na nikamwona amesimama ghafla.

«Wawili iko wapi?»

Walikuwa wavulana wawili wenye malaria, waliolala katika chumba cha wagonjwa. Katika haraka ya giza kila mtu alidhani mwingine amewachukua. Mwalimu hakumlaumu mtu. Alimshika mke wake bega, akasema neno la Kirundi ambalo sikulisikia vizuri, kisha akanigeukia.

«Musiningojee. Ukungu ukipanda, wataona mitumbwi.»

«Mwalimu, nitumeni mimi.»

«Weye una hawa wote. Mimi nina wawili tu.»

Akapanda kilima. Baada ya hatua chache ukungu ukamfunga, na mzee wa mitumbwi akasukuma. Mke wake alikaa akitazama upande ule mpaka hakukuwa na upande tena, maji tu na makasia. Tulielea katika ule weupe muda mrefu hivi kwamba nilianza kuamini tumekwisha kufa wote, na kwamba kufa ni jambo la utulivu. Kisha jua likatoboa, na milima ya Kongo ikasimama mbele yetu, ya kijani kabisa.

Yaliyompata Mwalimu tuliyasikia kwa Mama Mukunga, aliyevuka majuma kadhaa baadaye akiwa na wale wavulana wawili, hai. Alisimulia mara moja tu, ameketi kwenye mkeka katika kijiji tulikopewa mahali, karibu na mji wa Baraka. Mwalimu aliwakuta wagonjwa, akambeba mmoja mgongoni na kumvuta mwingine mkono hadi dispanseri. Mama Mukunga akawalaza katika chumba cha wazazi, kati ya wanawake wenye vichanga, akawafunga vitambaa kichwani na kuwafunika vitenge. Lori la askari likasikika barabarani.

«Nilimuambia, ingia na weye, nitakufunika,» alisema Mama Mukunga. «Akaniambia, hawa wakinitafuta wataingia humu. Akanawa mikono. Akatoka nje kwenda kuwalaki kule barabarani, mbali na mulango. Niliona kupitia dirisha. Aliwasalimu. Walimupandisha, lori ikaenda, na humu ndani hawakuingia.»

Mke wa Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Aliinuka, akaenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo hakuongea. Alipika, alifua, alikwenda kanisani, lakini ukimsalimu alijibu kwa kichwa.

Tulianza shule pale pale, kwanza chini ya turubai, baadaye ndani ya nyumba ya miti na udongo. Walimu walikuwa wale wale waliowahi kukaa kwenye viti vya Mwalimu, na Mama Mukunga alikuwa na kibanda chake cha kuzalisha kando. Watoto wa wenyeji wakaja kusoma pamoja na wetu. Mwaka ulipopita, mchungaji mmoja wa wenyeji alipendekeza tuwe na siku ya kuwaheshimu walimu na wanafunzi wa zamani waliopotea. Wengine walisema hatuna kaburi la mtu hata mmoja, tutaheshimu nini? Mama Mukunga akasema, «Tutaheshimu kazi. Kazi iko hapa, inapiga kelele.» Kweli watoto walikuwa wanapiga kelele nje.

Siku hiyo watu walizungumza mmoja mmoja. Kila aliyesimama alimtaja Mwalimu kama mtakatifu. Walisema alikuwa nuru, alikuwa nguzo, alikuwa mfano wa Kristo. Yote yalikuwa kweli, na kadiri yalivyozidi, nilihisi Mwalimu anakwenda mbali nasi, anakuwa picha ukutani.

Ndipo mke wake akasimama. Sauti yake ilikuwa imekauka, ikambidi aanze mara mbili.

«Alikuwa anakoroma,» alisema.

Mchungaji mwenyeji akainua kichwa.

«Anakoroma sana. Tena kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, kama kwaya. Alipokuja kuniposa, baba alimupa pombe ya ndizi, yeye akasema hanywi, iko mutu wa misheni. Halafu njiani kurudi akaanguka kwa mufereji bila kunywa. Alikuwa hajui kupika hata kiazi. Alikuwa anaogopa panzi. Huyo ndiye mutu yangu. Musimuondoe kwangu.»

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Kisha Mama Mukunga akacheka wazi, na baada yake wote, mpaka machozi, na wale wavulana wawili wa malaria walikuwa wanacheka na kulia wameegemeana. Mke wa Mwalimu alisubiri tumalize. Alirekebisha kitenge chake, akakaa.

Tulikula wali na ndagala, watu wakatawanyika. Kesho yake asubuhi nilipofika shuleni nilimkuta ameketi mbele ya darasa la wadogo kabisa, wale ambao hakuna mwalimu aliyetaka kuwachukua kwa sababu walikuwa wengi na walikojoa ovyo. Hakuniomba ruhusa. Alikuwa amemshika mmoja pua, anampangusa.

«Unataka chaki?» nilimwuliza.

«Bado,» alisema. «Kwanza tunajifunza kukaa.»

Alikaa nao kwa miaka mingi. Mimi nilistaafu kabla yake.