Ndururu Isiyo na Mfalme

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipopanda juu ya nyumba yangu mpya hapa Siakago kung'oa misumari niliyoipigilia mwenyewe asubuhi ile ile. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa kijana mwenye haraka nyingi na akili kidogo.

Washa, vile visahani vya kuwekwa chini ya kichwa cha msumari ili maji yasipite, zilikuwa zimeniishia, mabati bado hayajaisha kupigiliwa, na mawingu yameanza kukusanyika. Nikakumbuka ndururu za cucu, mama ya baba yangu. Zilikuwa senti tano za zamani, za shaba, kila moja na tundu katikati, naye alizitunga kwenye kamba akaitundika kando ya kitanda chake. Hata peremende hazikununua tena. Nikaikata kamba bila kumuuliza, nikapitisha misumari kwenye matundu, kazi ikaisha. Nilijiona fundi kweli kweli.

Cucu aliporudi kutoka kanisani alikuta kamba tupu. Akaja kusimama chini ya ngazi.

"Njeru, kulikuwa na moja haina mfalme. Iko wapi?"

Sikuelewa, ikabidi anieleze. Zote zilikuwa na taji na jina la mfalme wa Uingereza upande mmoja, isipokuwa moja iliyotengenezwa baada ya uhuru. Babu aliipata dukani, akakimbia nayo hadi shambani kumwonyesha: "Tazama, wamemtoa!" Babu alikuwa amewalimia wazungu miaka mingi kwa kulazimishwa, na siku hiyo ndiyo pekee cucu alimwona akicheza. Alikufa kabla sijazaliwa, na picha hakuacha.

"Nitakutafutia kesho, cucu. Si unaona mvua?"

"Mvua itakukuta huko juu."

Nikapanda. Lakini kutoka juu zote zilifanana: pembe mbili za ndovu zilizochorwa kuzunguka tundu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezilaza hivyo, pembe juu, eti zinapendeza. Mfalme alikuwa chini, amelalia bati. Basi nikang'oa msumari mmoja, nikageuza, nikatazama: taji. Wa pili, taji. Bati lilinichoma magoti, kisha mvua ikaanza, na kila nilipong'oa niliacha tundu juu ya kitanda changu. Niliona uchungu, mwanangu, lakini niliapa sishuki mikono mitupu.

Niliipata karibu na mwisho wa paa, nyundo imeipinda ukingoni. Cucu aliisugua kwa kidole gumba, akalia, kisha akacheka. "Ndiyo hii," akasema. "Sasa nenda ukalale kwako, uloe vizuri."

Nililoa majira yote yale ya mvua, maana pesa za washa nyingine sikuwa nazo, na sikujuta hata usiku mmoja.

Kwa hiyo nakuambia: usiguse kitu cha mzee kabla hujauliza kinamshikia nini. Na ukikosea, usingoje kesho, wala usitume mtu. Panda mwenyewe ung'oe, hata kama ni paa lako litakalovuja. Mungu akupe nyumba kavu, mwanangu, na moyo wa kuitoboa inapobidi.