Nilivyosimama Kushusha Abiria Katikati ya Mashindano

Jamani, bora nijicheke mwenyewe kwanza ndipo nanyi mcheke, maana kila nikikaa kilabuni pale Mbinga lazima atokee mtu wa kuidokeza habari hii, tena imeshatiwa chumvi na watu ambao siku yenyewe uwanjani hata hawakuwepo. Sasa nimechoka, naitoa kwa mdomo wangu. Ndiyo, ni mimi. Mimi Gervas ndiye yule dereva aliyekuwa anaongoza mashindano ya magari mbele ya mji mzima, imebaki kona moja tu amalize, akasimama kushusha abiria.

Tuanze na sababu iliyonipeleka. Miaka ile ndiyo kwanza soko la kahawa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wamejaa mjini kila mmoja na mizani yake, redio kaseti zinalia kila kibanda, na kila kitu unaambiwa ruksa. Kampuni mojawapo (jina lake tuliache) ilikuwa na meneja aliyewahi kuishi ng'ambo, na huko aliona magari yanashindanishwa kwenye uwanja mdogo wenye umbo la yai, yanazunguka hapo hapo kama ng'ombe wa kupura ngano, yanasukumana mabega mpaka apatikane wa kwanza. Akaona hiyo ndiyo njia ya kujitangaza kwa wakulima. Basi uwanja wa mpira ukazungushiwa magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa, likatangazwa shindano la madereva wa kazi, wenye leseni zao, raundi kumi, kugusana ruksa, na atakayeshinda anapewa gari jipya la kampuni aliendeshe kwa mshahara wa mwezi.

Mshahara wa mwezi! Mimi nilikuwa deiwaka, leo ninaendesha pikapu ya mtu, kesho niko kijiweni. Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda, kwa sababu nilikuwa nimemposa Editha, binti wa Mzee Komba wa Litembo, na mjomba wangu Kasiani aliyekuwa mshenga alirudi na jibu moja tu: "Mzee amesema binti yake hampi mtu wa deiwaka. Ukipata kazi ya mwezi, nenda mkazungumze." Kwa hiyo wenzangu walikuwa wanashindania gari. Mimi nilikuwa nashindania mke.

Mwenye pikapu alikubali niingie nayo, kwa sharti kwamba asubuhi nifanye kwanza safari ya Mbamba Bay nirudi na abiria. Nikashuka ziwani alfajiri. Konda wangu alikuwa kalala na malaria, nikawatangazia abiria mwenyewe kabla hatujaondoka, "Leo hatuna konda. Anayeshuka agonge paa mara mbili, nitasimama." (Likumbukeni tangazo hilo, maana mimi nililisahau.) Kupanda milima, rejeta ikachemka, tukawa tunasimama kila kijito kuinywesha maji, ikizimwa haiwaki mpaka isukumwe kwa sababu stata ilishakufa siku nyingi, na kwa mwendo huo nikaingia Mbinga jua liko juu, watu wameshajaa uwanjani, ngurumo za magari zinasikika tangu barabarani.

Stendi ilikuwa mbele kidogo. Ningekwenda pale, nikawashusha abiria wangu watano na mizigo yao, nikarudi, hakuna aibu yoyote ingenipata na leo tungekuwa tunazungumza habari za mvua. Lakini nikafika tu mlangoni, mtu mwenye bendera ananipungia, "Namba saba! Namba saba ingia, tunaanza!" Na shetani wangu naye akaninong'oneza kwamba pikapu tupu hurukaruka kwenye kona, kila dereva wa milimani anajua hilo, na hawa watu watano pamoja na matenga yao ya usipa, wale dagaa wa ziwani, ni uzito mzuri kabisa niliopewa bure. Nikatoa kichwa dirishani.

"Jamani, shikeni bomba. Tunazunguka hapa kidogo, halafu stendi."

"Tunazunguka wapi?" akauliza katekista mmoja mnyenyekevu aliyekuwa amepakata baiskeli yake.

Bendera ikashuka kabla sijamjibu.

Sitaki kujisifu, lakini niliendesha. Muulizeni yeyote. Zile raundi mbili za kwanza nilikuwa katikati, tunasukumana, vumbi halina mfano, huku nyuma yangu katekista anaziita sala zote anazozijua kwa sauti ya kanisani, kisha taratibu nikaanza kuwapita mmoja mmoja, kwa sababu wenzangu walikuja na magari matupu na kila kona yanawavuta nje, yangu imetulia kama mama mjamzito. Raundi ya nne nikabaki na mtu mmoja tu mbele, Benno, na Landrova yake ya kijani.

Sasa, kwenye kona ya kwanza, nyuma ya goli, Mzee Komba alikuwa ameketi kwenye kiti alichokuja nacho kutoka nyumbani, koti lake jeusi, kofia kichwani, mjomba Kasiani kando yake, na Editha amesimama nyuma yao na khanga mpya. Raundi ya pili nilimwona mzee ameinua fimbo. Nikasema moyoni, mkwe ananishangilia. Raundi ya tatu nikamwona amesimama kabisa. Raundi ya nne amevua kofia ameishika juu! Nikazidisha mafuta. Nilijisikia mtu mkubwa sana, mtaona wenyewe baadaye nilikuwa mtu wa namna gani.

Huku kona ya pili, ile ya kumalizia, kukazuka jambo jingine. Kwenye bodi nilikuwa na mama mmoja wa makamo, Mama Konsolata, mchuuzi wa usipa kutoka Mbamba Bay, ambaye mwanawe ameolewa huku juu. Kwenye kona ile, akiwa amebanana na watu kwenye magunia, alikuwepo dada yake, na hawa ndugu walikuwa hawajaonana tangu msimu wa kahawa uliopita. Pikapu yangu haina kioo cha nyuma, nilisikia kila neno.

"Dadaaa! Shikamooo!" akapiga yowe Mama Konsolata, tukapita.

Tukazunguka uwanja mzima. Tulipofika tena, dada yake ameshajiandaa, mikono mdomoni, "Marahabaaa! Hamjambo huko ziwaniii?"

Tukazunguka. "Hatujambooo! Shemeji yukoje na mguu wakeee?"

Tukazunguka. "Mzimaaa! Mguu umeponaaa!"

Nyie mnajua salamu za kwetu, hazikatizwi. Ukianza na watu unamaliza na mifugo. Upande ule wa uwanja watu wakaacha kabisa kushangilia magari, wakawa wanamngoja Mama Konsolata azunguke alete jibu, na akifika wanatulia wamsikie, akipita wanapiga vigelegele. Mimi nikadhani vigelegele ni vyangu. Nikampita Benno kwa ndani, bega kwa bega, tenga moja la usipa likapinduka, dagaa wakavu wakaruka mpaka jukwaa la wageni, nasikia mgeni rasmi alibaki na mmoja kwenye mfuko wa koti, lakini nilikuwa mbele! Mbele ya wote! Imebaki raundi moja na kitu, na kwenye akili yangu nilishafunga ndoa, nimeshapata mtoto wa kwanza, nimeshamjengea Editha nyumba ya bati.

Raundi ya tisa, dada mtu akaacha salamu akatoa habari.

"Konsolata amejifunguaaa!"

"Uwiii! Mtoto gani?" akalia mama, lakini tulishapita, akapitishwa uwanja mzima na swali lake. Nilimsikia analia na kucheka huko nyuma, anamwambia katekista, "Mwanangu! Mwanangu amejifungua, na mimi niko humu!" na katekista, masikini, ameacha sala anamwambia, "Vumilia mama, tunafika, tunafika."

Tukafika. Kona ya mwisho ya raundi ya kumi. Benno yuko nyuma yangu anahema. Bendera ya kumalizia naiona kwa macho yangu.

"Mapachaaa!" dada akapiga kelele. "Mapacha, wote wa kiumeee!"

Mama Konsolata akagonga paa mara mbili.

Ndugu zangu, miaka niliyoendesha abiria, mguu wangu ulikuwa hauniombi ruhusa. Paa likigongwa mara mbili, unakanyaga breki, umekwisha kukanyaga kabla kichwa hakijajua. Nikasimama. Nikasimama vizuri sana, pembeni kabisa, kama mtu anayefuata sheria za barabarani, na kwa aibu yangu ya milele naongeza kwamba nilitoa mkono dirishani kupokea nauli.

"Angalia mguu, mama," nikamwambia.

Hapo ndipo kichwa kikarudi. Nyuma nikasikia kishindo, mmoja akaniparaza bodi, mwingine akakwepa akayavaa magunia, maganda ya kahawa yakapaa hewani kama wingu na kuanza kuwashukia watu mpaka ng'ambo ya uwanja, na ndani ya wingu hilo Landrova ya kijani ikapita taratibu, Benno ananitazama kwa huruma ya kweli, akaenda akamaliza. Nikataka kuondoka, gari imezima. Mnajua tena habari ya stata. Katekista akashuka na wale wengine watatu wakaanza kunisukuma, na mama wa usipa wala hakugeuka nyuma, ameshamrukia dada yake shingoni wanazungushana wanalia, uwanja mzima unawashangilia wao. Meneja akashika kipaza sauti.

"Namba saba," akasema kwa upole, "stendi iko upande ule."

Watu walianguka chini kwa kicheko. Nikavuka mstari wa mwisho kwa kusukumwa na mtu wa kanisa, wa mwisho kabisa, na gari jipya likaenda kwa Benno. Simkasirikii Benno, ni mtu mwema, lakini siku ile ningeweza kuingia chini ya pikapu nikakaa humo mpaka msimu mwingine.

Sikuweza hata kukimbia, kwa sababu mjomba Kasiani alikuwa anakuja kunishika mkono. "Twende kwa mzee," akasema, na uso wake haukuwa na kicheko. Nikamkuta Mzee Komba amekaa, mweupe kwa maganda kuanzia kofia mpaka viatu. Editha amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Alijipangusa ukosi kwanza.

"Kijana," akasema, "ulinipita. Nikasema hajaniona, nikainua fimbo. Ukanipita. Nikasema labda fimbo haionekani kwa vumbi, nikasimama, mimi na magoti yangu haya. Ukanipita. Nikakuvulia kofia, mtu mzima, mbele ya watu. Ukazidisha moto!"

"Baba, nilikuwa kwenye mashindano…"

"Na yule mama hakuwa kwenye mashindano? Hakuwa kwenye gari hilo hilo? Ameamkia dada yake, ameuliza shemeji, ameuliza watoto, mpaka mguu wa mtu ameuulizia, tena ameshikilia bomba kwa mkono mmoja. Wewe una honi. Ulishindwa kupiga honi?"

Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa kazi nimekosa, nimejiandaa kuitwa mjinga, lakini hili sikulitegemea, na ndilo lililonichoma, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Kila mara nilipompita nilimwona. Nilimwona vizuri.

"Faini," akasema mzee. "Mbuzi dume, asiwe kilema. Utamleta nyumbani mwenyewe." Akakunja kiti chake akaondoka, Editha nyuma yake, hakugeuka.

Nikakaa chini kwenye maganda pale pale, machozi yananilenga, nawaambieni ukweli. "Mjomba, basi," nikasema. "Kazi sina, mke sina, na mbuzi natakiwa nitoe." Mjomba Kasiani akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia gurudumu.

"Gervas, wewe mwanangu una kichwa cha nini? Wamepita madereva wangapi hapa bila kumsalimia mzee? Benno amemsalimia? Kuna aliyetozwa hata yai? Na kazi ya mwezi, umemsikia akiitaja? Anayetozwa faini ya kutomwamkia mkwe ni mkwe!"

Jamani. Niliinuka pale nikamkumbatia mjomba, nikamkumbatia na katekista aliyekuwa amekuja kudai baiskeli yake.

Mashindano sijaingia tena na sitaingia, hata mkinipigia magoti, na nawaasa vijana mnaoendesha siku hizi: kabla hujakimbilia unachokitaka, washushe kwanza watu wa watu. Mbuzi nilimtafuta wiki ile ile, dume jeusi, miguu yote minne mizima. Mwenye pikapu aliniambia niichukue nimpeleke, nikakataa. Nikamfunga kamba nikaanza kupanda Litembo naye kwa miguu, natoka jasho, na kila niliyekutana naye njiani nilisimama nikamsalimia mpaka tukamaliza, hata niliowajua kuwa wana maneno mengi, kwa hiyo nilifika jua linaelekea kuzama.

Mzee Komba alikuwa anaanika kahawa uani. Alimtazama mbuzi, akaitazama njia niliyotokea, akatafuta gari halioni.

"Umekuja kwa mguu?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa nimekuona." Akageuka mlangoni akamwita Editha alete kiti.