Kilo Kumi na Nane za Shigela

Jumatatu, tarehe 12 Juni 1995, saa moja kamili asubuhi, wapakiaji kumi na wanne waliitikia majina yao katika uwanja wa kiwanda cha kuchambua pamba, kando ya ziwa, upande wa Ilemela. Mimi nilikuwa karani wa mizani. Wa kwanza kuitikia alikuwa nyapara wao, Shigela Machibya, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, baba wa watoto wawili, Hellen na Malimi, mkazi wa Mabatini. Asubuhi hiyo aliniomba jambo ambalo hakuna mpakiaji aliyewahi kuniomba: nimpime yeye badala ya gunia.

Alipanda. Nikasogeza jiwe la mizani, nikatangaza: "Mia na nne!"

Nilitangaza kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya mizani ya pamba. Mkulima anayeuza ni lazima ausikie uzito kwa masikio yake mwenyewe, asije akadhani ameibiwa. Kwa hiyo karani husoma kwa sauti inayofika getini. Nilikuwa nimesoma hivyo kwa miaka kumi na tisa. Haikunijia akilini kwamba mtu si gunia.

Sababu ya ombi lake ilikuwa hii. Ijumaa iliyotangulia, Sista Bernadeta, mganga wa zahanati aliyokuwa akitibiwa, alikuta sukari katika mkojo wake. Akamzungushia tumboni futi ya fundi cherehani, kisha akaizungusha kwenye mkono wa juu, akaandika tarakimu mbili.

"Nataka upungue," alimwambia, "lakini sitaki ukonde."

Shigela alicheka. "Sista, hayo si mamoja?"

"Si mamoja hata kidogo. Kupungua ni kuondoka kwa mafuta ya hapa tumboni. Kukonda ni kuliwa kwa nyama ya hapa mkononi. Wewe unaishi kwa mgongo wako. Mgongo ukiisha, watoto watakula nini?"

Akampa masharti. Ugali usizidi ngumi yake mwenyewe. Chai isiwe na sukari, naye alikuwa mtu wa vijiko vitano. Maandazi na pombe basi. Lakini kitoweo kisipunguzwe: samaki, dagaa, maharage, choroko, na maziwa mgando yaliyoondolewa utando wa juu wenye siagi. Tena asiache kubeba magunia, kwa maana msuli usiofanyishwa kazi hujiondokea wenyewe.

Mkewe, Getruda, aliyatimiza masharti hayo kwa uangalifu. Minofu ya sangara wakati huo ilikuwa ikipelekwa Ulaya, nasi tuliachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa. Basi alinunua mapanki, akayachemsha kwa nyanya bila tone la mafuta, akayachambua nyama yote iliyosalia. Kila Jumatatu Shigela alipanda mizani, nami nikatangaza. Mwisho wa Julai, tisini na saba. Mwisho wa Agosti, tisini na moja. Tumbo lilikuwa limeshuka sentimita kumi na nane. Mkono haukuwa umepungua hata moja. Aliniambia usiku analala bila kuamka kwenda haja, na kwamba ngazi za ghala hazimsumbui tena magoti.

Wenzake hawakuona mkono. Waliona shingo na suruali.

"Nyapara, shikamoo," alianza Mayala, aliyekuwa mchekeshaji wao. "Hiyo suruali umeazima kwa marehemu nani?"

"Marahaba. Nimeazima kwa baba yako, amesema umrudishie mkanda."

Walicheka wote. Huo ulikuwa mwezi wa Agosti, na kicheko kilikuwa bado kicheko. Lakini wapakiaji hula pamoja mchana, ugali mmoja katika sinia moja, na Shigela sasa alikuja na bakuli lake, akaketi kando na mapanki yake. Katika miaka ile, kila mtaa wa Mwanza ulikuwa umezika watu waliokwisha taratibu kwa ugonjwa usiotajwa jina, na mtu aliyejitenga na sinia huku akipungua hakuhitaji kuulizwa swali. Mayala alinijia kwenye dirisha la ofisi ya mizani.

"Karani, tangu Juni ameshuka ngapi?"

Nilifungua daftari. "Kumi na nane," nikajibu, kwa sababu Septemba ilikuwa imeishia kwenye themanini na sita, na jibu lilikuwa sahihi.

Tangu siku ile kikombe alichonywea maji kiliachwa kando ya pipa, hakuna aliyekigusa. Shigela alileta barua ya Sista Bernadeta, akawasomea mwenyewe: ni kisukari, wala hakiambukizi.

"Barua hununuliwa," alisema Mhoja, mkubwa wao kwa umri. "Mdogo wangu, sisi hatukufukuzi. Ila tuna watoto."

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililommaliza. Gunia la mbegu za pamba la kilo themanini mtu hajitwiki peke yake. Wawili hulinyanyua wakamtwika wa tatu, vifua vikigusana na jasho likichanganyika. Shigela aliinama mbele ya rundo, kama alivyoinama kwa miaka ishirini na mbili, akangoja. Hakuna aliyesogea. Aliinama hivyo mpaka lori likapiga honi.

Tarehe 9 Oktoba msimamizi, bwana mmoja aitwaye Antoni, aliyewekwa na mwenye mali mpya aliyekinunua kiwanda kutoka kwa ushirika, alitutangazia kwamba wapakiaji wangebaki wanane tu. Wangechaguliwa Jumatatu, tarehe 6 Novemba: magunia arobaini kila mmoja, kutoka ghalani hadi kwenye lori, wa mwanzo kumaliza ndio watakaoajiriwa. Nyapara asingekuwa na upendeleo. Shigela alikuwa na nguvu za kumaliza wa kwanza. Hakuwa na mtu wa kumtwika.

Yaliyosemwa nyumbani kwake jioni ile alinisimulia Getruda baadaye.

"Nisongee ugali wa watu watatu," alimwambia.

"Baba Hellen, Sista alisema nini?"

"Sista hatanitwika gunia."

"Utakufa."

"Nikikosa kazi mtakufa wangapi? Weka na mafuta kwenye hao samaki."

Kwa wiki nne alikula kama mtu anayefanya kibarua cha kula. Viazi, ugali, maandazi sita asubuhi, chai ya vijiko vitano, soda, pombe ya mtama. Alirudi kwenye sinia, akamega mbele yao, na siku ya kwanza walimwachia upande mzima peke yake. Tarehe 30 Oktoba alipanda mizani. Niliisoma tarakimu kimoyomoyo. Akanitazama.

"Taja, Karani. Taja kama zamani."

"Tisini na sita!"

Mayala alipiga mluzi. "Nyapara amerudi kutoka kuzimu! Mgonjwa gani huyu mwenye mashavu?" Mhoja alimshika mkono, wala hakuharakisha kuuachia. Siku ya uchaguzi walimtwika mara arobaini. Alimaliza wa saba, akihema, akaomba maji mara tisa.

Nilimshauri arudie masharti ya Sista kidogo kidogo. Alinijibu kwamba ajira ilikuwa ya mwezi kwa mwezi, na kwamba akipungua tena hawatamtwika. Akaendelea kula. Januari alianza kupungua ingawa anakula. Safari hii mikono ndiyo iliyolegea, na macho yakaona ukungu. Februari katambuga ya tairi ilimchubua kidole cha mguu wa kushoto. Kidonda hakikufunga. Machi waliukata mguu hospitalini, chini ya goti, haikutosha. Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Aprili 1996. Siku hiyo alikuwa na uzito gani sijui, kwa maana hakuna aliyempima.

"Si tulisema?" Mhoja aliniambia dirishani. Nilimweleza tena habari ya sukari, tangu mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kwa adabu, akarudi kazini.

Tulimzika kijijini kwao, karibu na Bujora. Wapakiaji waliofika walikuwa wawili, Mayala akiwa mmoja wao. Walisimama mbali na jeneza, wala hawakulibeba. Waliobaki kazini walikuwa saba. Waliobaki nyumbani Mabatini walikuwa watatu: Getruda, Hellen na Malimi.